Diski inakufa, seva haizimiki: Unahamishaje mzizi wa Linux mashine ikiwa bado kazini?

Ijumaa Kuu, mwendo wa saa tatu usiku, nilikuwa kwangu Pipeline nikisubiri madondo yaive. Nikafungua laptopu kuchungulia seva moja ninayoitunza. Hakukuwa na shida, ni mazoea tu, vile wewe hufungua WhatsApp hata kama hakuna ujumbe umeingia. Nikaandika dmesg. Skrini ikajaa mstari mmoja unaojirudia: I/O error, dev sda. Mstari huo ukiuona mara moja unaweza kujidanganya. Ukiuona mara arobaini, jua diski inaaga.

Seva yenyewe iko Lodwar, katika ofisi ya chama cha akiba cha wahudumu wa boda boda. Kila jioni wanachama hutuma shilingi mia, mia mbili kwa simu, na mashine hiyo ndiyo huandika nani ametuma ngapi. Ofisi ilikuwa imefungwa hadi Jumanne na mlinzi hana ufunguo wa ndani. Ikizima, hakuna mtu wa kubonyeza hata kitufe kimoja kwa siku tatu, na siku za Pasaka ndizo boda hupata pesa. Jumanne kungekuwa na watu wanaoapa kwamba walituma ilhali daftari halionyeshi kitu. Unajua vile mambo ya pesa za chama huisha.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutoa nakala ya hifadhidata kwa pg_dump na kuivuta hadi kwenye laptopu yangu. Bundles ziliisha, nikanunua zingine. Hata wewe, kabla ya ujanja wowote utakaousoma hapa, anza na hilo. Diski inayokufa haikupi notisi ya mwezi mmoja kama landilodi.

Pili, kulikuwa na diski nyingine ndani ya mashine, sdb, ambayo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya bakapu. Kwa hivyo mahali pa kuhamia palikuwepo. Utauliza, si unakili kila kitu kwenye sdb, unabadilisha mpangilio wa kuwasha, kisha unarestati? Ungeweza, kama ungekuwa umeketi mbele ya hiyo mashine. Ukiwa mbali, kurestati ni kamari. Ukikosea herufi moja, seva inakwama kwenye skrini nyeusi ambayo hakuna anayeiona, na diski ya zamani huenda isiamke tena. Nilitaka kuhama mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, nihakikishe kila kitu kinatembea juu ya diski mpya, halafu restati isubiri siku ambayo kuna mtu ofisini.

Turudi nyuma kidogo. Katika Unix na wajukuu wake, Linux ikiwemo, kila faili huning'inia kwenye alama moja, /. Huo ndio mzizi. Hakuna C wala D kama kwenye Windows. Diski nyingine hupachikwa mahali fulani ndani ya mti huo, kwa mfano /mnt/mpya, na kuanzia hapo unaziona kama saraka ya kawaida. Tatizo ni kwamba mzizi wenyewe pia ni diski iliyopachikwa, na kila programu inayotembea imeushika. Kuung'oa ni kama kubadilisha sakafu ya nyumba wapangaji wakiwa wamesimama juu yake.

Wengi wetu tunajua chroot, amri iliyokuwepo tangu Unix toleo la 7, mwaka wa 1979. Lakini chroot humhadaa mchakato mmoja tu na watoto wake: unauambia "mzizi wako sasa ni hapa" na unaamini. Wengine wote wanabaki juu ya sakafu ya zamani. Kinachohitajika hapa ni pivot_root, ambayo Werner Almesberger aliiandikia Linux na ikaingia katika kerneli ya 2.3.41. Hii hubadilisha mzizi wa mfumo wote kwa mpigo: diski mpya inakuwa /, na ya zamani inasukumwa hadi kwenye saraka unayoichagua ndani ya ile mpya. Mimi niliita yangu /zamani.

Kwenye karatasi ni mistari minne. Unapachika sdb1 kwenye /mnt/mpya, unanakili, unaunda /mnt/mpya/zamani, unaandika pivot_root /mnt/mpya /mnt/mpya/zamani. Kazi kwisha. Sivyo?

Kabla ya kugusa Lodwar nilitengeneza mashine pepe kwenye laptopu, Debian ileile, diski mbili, nikajaribu. Tafadhali usifanye jambo hili kwa mara ya kwanza kwenye seva ya watu. Jaribio la kwanza likajibu: pivot_root: failed to change root, Invalid argument. Maneno hayo yanaweza kukufanya ulie, kwa sababu hayakwambii ni kipi kati ya ulivyoandika kisichofaa. Unaweza kusoma tahajia yako mara kumi na usipate kosa, maana halipo.

Hebu nikuambie kerneli inakagua nini. Mahali papya sharti pawe mpachiko, si saraka tu iliyo ndani ya mzizi wa zamani. Mahali pa kuwekea ule wa zamani sharti pawe ndani ya huo mpya. Mzizi wa sasa nao lazima uwe mpachiko wa kawaida. Halafu kuna sharti la nne, na hilo ndilo linalowanasa wengi: mipachiko inayohusika isiwe katika hali inayoitwa shared.

Hali hiyo inamaanisha kwamba ukipachika kitu hapa, kinajitokeza pia katika vyumba vingine vya mfumo vilivyotengwa. Kerneli yenyewe haianzi hivyo. Ni systemd, programu ya kwanza kuamka, inayoigeuza mipachiko yote kuwa shared kila mashine inapowaka. Ndiyo maana maelezo ya zamani yanayofundisha pivot_root hayataji jambo hili kabisa. Yaliandikwa kabla systemd haijawa kawaida. Debian iliikumbatia katika toleo la 8, mwaka wa 2015. Ukiyafuata leo neno kwa neno unagonga ukuta, na unadhani ni wewe mjinga.

Andika findmnt -o TARGET,PROPAGATION. Ukiona neno shared kando ya /, umempata mwizi. Dawa ni mount --make-rprivate / na ile r usiisahau, ndiyo inayoteremka hadi kwenye mipachiko iliyo chini, pamoja na diski mpya ambayo umeshaipachika. Bila hiyo r unatibu mzizi peke yake, na kosa lilelile linakurudia.

Kuna mtego mwingine hapa ambao ulinipotezea saa nzima. Baadhi ya watu hufanya mazoezi ndani ya unshare -m, amri inayokupa chumba chako cha mipachiko ili usiharibu mfumo. Ni wazo zuri sana. Lakini unshare hukigeuza chumba hicho kuwa private bila kukwambia, kwa hivyo pivot_root inakubali mara moja. Unashangilia, unaenda kwenye mfumo halisi, inakataa. Mazoezi yalikuwa yamekuondolea mlima wenyewe.

Ukipata Device or resource busy badala ya Invalid argument, hilo ni jambo jingine na ni rahisi zaidi. Umeipa saraka ya kawaida, si mpachiko, yaani mzizi mpya na wa zamani viko juu ya mpachiko mmoja. Mara nyingi ni kwamba ulisahau kupachika diski, au uliipachika kwingine. Na ukiambiwa command not found, uliingia kwa su bila kistari, kwa hivyo /sbin haimo kwenye njia yako. Andika su - ama uite /sbin/pivot_root kwa jina lake kamili.

Saa saba usiku nikaanza Lodwar. Kunakili kulitumia rsync -aAXHx / /mnt/mpya/. Ile x mwishoni huizuia rsync isivuke kwenda kwenye diski nyingine, la sivyo ingejaribu kunakili /proc na hata kujinakili yenyewe. Saraka tupu za /proc, /sys, /dev na /run hubaki, na utazihitaji. Faili tatu zilikataa kusomeka kwa sababu diski ilikuwa imeoza pale zilipokaa. Nikaangalia kwa dpkg -S ni za nani. Zilikuwa za vifurushi vya kawaida, nikavirejesha baadaye kwa apt --reinstall. Kama zingekuwa za hifadhidata, makala haya yangekuwa na kichwa kingine.

Mzunguko wa kwanza wa rsync ulifanyika huduma zikiendelea. Saa tisa, wakati hakuna anayetuma pesa, nikazima hifadhidata na kurudia rsync, safari hii na --delete, ili kuchukua kilichobadilika tu. Ikamaliza chini ya dakika mbili. Nikarekebisha etc/fstab ya diski mpya iwe na UUID mpya niliyoisoma kwa blkid. Nikaandika swapoff -a, kwa sababu nitakayokueleza hivi punde. Halafu make-rprivate. Halafu pivot_root.

Kimya. Hakuna kosa, hakuna pongezi. Ndivyo Unix hufanya mambo yakienda sawa.

Sasa usikimbilie kusherehekea, kwa maana katika sekunde hiyo huna /dev wala /proc. Zimesukumwa pamoja na mzizi wa zamani na ziko /zamani/dev na /zamani/proc. Zihamishe mara moja kwa mount --move, zote nne, dev, proc, sys na run. Ukiisahau /run, systemctl itakwambia imeshindwa kuunganishwa, kwa sababu soketi ya kuzungumzia na systemd hukaa humo. Kisha systemctl daemon-reexec, ambayo humfanya mchakato nambari 1 ajifufue upya kutoka kwenye diski mpya. Yeye huwezi kumuua. Ukimuua, kerneli nzima inaanguka.

Hapo ndipo nilipofungua dirisha la pili na kuingia tena kwa ssh, la kwanza likiwa bado wazi. Likafunguka. Nadhani hapo ndipo nilipokumbuka kupumua.

Lakini kuhama si kuondoka. Nilitaka kuiachilia sda kabisa ili isije ikaganda na kuvuta mashine yote chini. Nikaandika umount /zamani. Jibu: target is busy.

Hii ndiyo sehemu itakayokuchosha, basi vuta kiti. pivot_root huihamisha michakato ambayo mzizi wake au saraka yake ya kazi ilikuwa / yenyewe. Ganda lako kama lilikuwa limesimama /home/wewe, linabaki limesimama kwenye diski ya zamani. Programu zilizokuwa zimefungua faili bado zimezishika palepale zilipozifungua. Hata programu isiyo na faili lolote wazi bado inatembea kutokana na faili lake lenyewe na maktaba zake, zote za zamani. Kwa hivyo unaandika fuser -vm /zamani na unapata orodha ya majina. Unaanza kuyapunguza moja moja: systemd-journald, unairestati, systemd-udevd, unairestati, cron, ssh, na kadhalika. Kikao chako cha kwanza cha ssh nacho kimo kwenye orodha, kwa hivyo kifunge ukishahakikisha cha pili kinafanya kazi, si kabla.

Dbus ni mkaidi. Ukiirestati, systemd-logind hupoteza mawasiliano nayo, na mtu akijaribu kuingia anakaa kama sekunde 25 akiangalia skrini tupu kabla hajaruhusiwa. Niliposhuhudia hilo, jasho lilinitoka, nikadhani nimejifungia nje. Kumbe dawa ni kurestati systemd-logind mara tu baada ya dbus. Fanya hivyo ukiwa na kikao kimoja wazi, na usipanik.

Itafika mahali fuser haionyeshi mtu yeyote, ila neno kernel tu, na umount bado inakataa. Hapo wengi huandika umount -l na kwenda kulala. Usifanye hivyo. Ile l huficha tu mpachiko usionekane. Diski inaendelea kutumika nyuma ya pazia. Anayeishikilia ni kerneli yenyewe, na fuser haitakwambia kwa nini. Tazama swapon --show: faili la swap lililo kwenye diski ya zamani huishika barabara, ndiyo sababu nilianza na swapoff. Tazama losetup -a: kama unatumia Ubuntu, vifurushi vya snap ni faili zilizopachikwa kwa njia hiyo, na kila kimoja ni msumari. Tazama findmnt -R /zamani: pengine kuna mpachiko mdogo ndani yake uliousahau. Kwangu ilikuwa hiyo ya mwisho, saraka ya bakapu niliyoipachika mwenyewe miezi kadhaa iliyopita.

Umount ikakubali. Nikaendesha e2fsck kuikagua sda1 na ikaniambia kifaa kinatumika. Kinatumika na nani tena?

Kumbuka vile vyumba vilivyotengwa. Huduma nyingi za systemd huwa na chumba chao cha mipachiko, kwa mfano zile zenye mpangilio wa PrivateTmp. Ndani ya vyumba hivyo mzizi wa zamani bado umepachikwa kana kwamba hakuna kilichotokea, na kwa kuwa tuligeuza kila kitu private, kupachua kwetu hakukuwafikia. Amri ya grep -l sda1 /proc/[0-9]*/mountinfo iliniletea nambari mbili. Nikarestati huduma zake, e2fsck ikakubali. Hili sijaliona likielezwa mara nyingi, na linaweza kukufanya uamini umeachilia diski ilhali bado uko juu yake.

Nikawasha hifadhidata saa kumi na dakika kumi alfajiri. Nikatuma shilingi kumi kutoka kwa simu yangu kujaribu. Ikaandikwa.

Ilibaki suala la Jumanne. Mashine inapowaka, GRUB huipakia kerneli pamoja na kifurushi kidogo kinachoitwa initramfs, mfumo mdogo unaoishi kwenye kumbukumbu na kazi yake kuu ni kuutafuta mzizi halisi na kuhamia huko. Ndiyo, hata mashine yako ya kawaida hufanya uhamisho huu kila asubuhi. Hata Android iliyo mfukoni mwako ina hatua ya namna hiyo inapowaka. Ila humo pivot_root haitumiki, kwa sababu mzizi wa initramfs ni ule wa kwanza kabisa ambao kerneli haikubali uondolewe. Badala yake hutumika switch_root au nduguye, ambaye hufuta yaliyomo ili kurudisha kumbukumbu, husogeza mpachiko mpya juu ya /, kisha humkabidhi init usukani. Ukijaribu kuiita switch_root ya BusyBox kutoka kwenye ganda la kawaida itakataa, kwa kuwa sharti iitwe na mchakato nambari 1. Na ikikabidhi usukani kwa init asiyekuwepo, utaona Attempted to kill init, na hapo mchezo umeisha.

Kosa la kawaida zaidi kwenye Debian ni ujumbe wa ALERT ukisema UUID fulani haipo, kisha unaachwa kwenye ganda lenye neno (initramfs). Maana yake bado inautafuta mzizi wa zamani. Kwa hivyo nikafanya update-initramfs -u na update-grub, kisha grub-install kwenye diski zote mbili. Ndiyo, hata ile inayokufa. BIOS ya ile mashine huanza na sda, na sikutaka ipate GRUB ya zamani inayoelekeza kwenye kaburi. Walionakili kwa dd wana balaa lao la ziada: diski zote mbili zinakuwa na UUID moja, na mfumo huenda ukaamkia ile mbovu siku nyingine bila wewe kugundua.

Mwisho nikaandika echo 1 kwenye /sys/block/sda/device/delete. Kerneli ikaiachilia diski, na dmesg ikanyamaza. Madondo yalikuwa yameungua kitambo.

Jumanne saa mbili na nusu karani wa chama alinipigia akiwa ofisini. Nikamwomba awashe skrini, asiguse kitu kingine, kisha nikarestati kutoka Nairobi. Nilimsikia akipumua kwenye simu. Akasema imekuwa nyeusi. Akasema kuna maandishi mengi yanapita. Akanyamaza kidogo.

"Sasa imeandika login," akasema. "Ni sawa hivyo ama niite mtu?"